Kuanguka Kwenye Simuleta: Jinsi Rubani Anavyorudi Kazini

Mhadhara kwa umma, Chepkoilel, Eldoret

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Barabara yake ya kurukia ina urefu wa kilomita tatu na nusu, na urefu huo una kazi yake: hewa ya Uasin Gishu ni nyepesi, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia zaidi chini kabla mabawa hayajaibeba. Injini ya pistoni isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000 inazopanda. Ndege ndogo ya mafunzo inayoinuka bila taabu pale Malindi, ikiletwa Eldoret huwa imepungukiwa na takriban moja ya tano ya nguvu hizo. Rubani anayeondoka hapa adhuhuri ya Februari, jua likiwaka, hesabu hizo anazo kichwani kabla hajagusa mtambo wowote.

Abiria aliyeketi nyuma yake akirudi nyumbani Iten, Kapsabet au hapa Chepkoilel hana habari ya jambo jingine. Rubani huyo, akiwa wa shirika la ndege, amefanyiwa mtihani miezi michache iliyopita na atafanyiwa mwingine kabla mwaka haujaisha. Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao Kenya inautekeleza kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, kinataka umahiri wa rubani wa shirika ukaguliwe mara mbili kwa mwaka. Mitihani miwili inayofanana ikibanwa ndani ya miezi minne mfululizo haitoshelezi sharti hilo, maana lengo ni kumpima mtu mwaka mzima wala si kumaliza makaratasi. Daktari akishahitimu harudishwi mbele ya watahini kila baada ya miezi sita. Wakili naye akishaapishwa hatakiwi kukariri sheria ya ushahidi kila Juni na kila Desemba. Rubani anayefanya kazi kwa miaka 30 huketi mitihani ya aina hii karibu 60, mbali na ile ya leseni, ya kuhamia aina mpya ya ndege, ya kupanda ukapteni, na vipimo vya daktari wa anga.

Katika mitihani 60, iko siku mtu ataanguka. Mhadhara huu unahusu siku hiyo na miezi inayoifuata. Hoja yake ni kwamba rubani aliyeanguka mtihani anaweza kurudi na akawa rubani mzuri, mradi anguko lake liandikwe, lichunguzwe na lisemwe wazi. Likifunikwa, hatari huanza, kwake yeye na kwa watu asiowajua wanaokata tiketi.

Mtihani wenyewe siku hizi hufanyiwa ndani ya simuleta. Asili ya mashine hii ni kiwanda cha vinanda. Edwin Link, aliyekulia katika kiwanda cha baba yake huko Binghamton, jimbo la New York, alichukua mifuko ya upepo ya vinanda akaitumia kuinamisha na kuinua kisanduku chenye usukani na vyombo vya ndege. Hiyo ilikuwa 1929, na kwa miaka kadhaa watu walikiona kama mchezo wa maonyesho. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani wake wakafa mmoja baada ya mwingine kwa kuruka ndani ya mawingu wasijue kusoma vyombo, na hapo ndipo jeshi likanunua visanduku sita vya Link. Simuleta ya leo husimama juu ya miguu sita ya mitambo, huonyesha viwanja halisi kwenye vioo vyake, na hufanana na ndege kiasi kwamba rubani mwenye uzoefu anaweza kumaliza humo mafunzo yote ya aina mpya ya ndege. Safari yake ya kwanza katika ndege yenyewe inaweza kuwa na abiria nyuma, akiwa na kapteni mkufunzi ubavuni.

Humo ndani, kwa muda wa saa nne hivi, watahiniwa wawili hupewa matatizo ambayo Mungu akipenda hawatayaona maisha yao yote. Linalojulikana zaidi ni injini kuzimika wakati wa kupaa, ndege ikiwa imefika mwendo ambao haiwezi tena kusimama salama ndani ya barabara iliyobaki. Ndege inavutwa upande wa injini iliyokufa. Mguu unapaswa kukanyaga usukani wa mkia kwa kiasi kinachotakiwa, pua iinuliwe taratibu, mwenzake asome vyombo kwa sauti, wala mtu asikimbilie kuzima chochote kabla ndege haijatulia. Kisha huja kutua kwa injini moja, kughairi kutua na kupaa tena kwa injini hiyo hiyo moja, moto, moshi, upepo mkali unaogeuka ghafla, na ndege iliyoanza kuishiwa na nguvu ya kubebwa na hewa. Mtahini anaandika. Kimo kisipotee zaidi ya futi 100 au hivi, mwendo usichezecheze, taratibu zisirukwe, na wawili hao wasemezane.

Anayeanguka hatolewi leseni mfukoni siku hiyo ikachanwa. Anaondolewa kwenye ratiba ya safari. Jalada lake linaandikwa ni kipengele gani hakikufikia kiwango. Anapangiwa mafunzo ya marudio juu ya vipengele hivyo, kisha anatahiniwa tena, na mashirika yenye busara humpa mtahini mwingine ili asitazamwe kwa jicho la mara ya kwanza. Wengi hupita hapo na habari ikaishia hapo. Wachache huanguka tena, na hapo ndipo bodi ya shirika huketi kuamua kama wataongezewa mafunzo, watarudishwa kwenye kiti cha rubani msaidizi, au wataachishwa kazi.

Maelezo hayo ni mafupi kuliko maumivu yanayoambatana nayo. Katika kaunti hizi za Bonde la Ufa la kaskazini, mtoto anapokwenda kusomea urubani huwa haendi peke yake. Mafunzo hadi leseni ya biashara yanagharimu mamilioni ya shilingi. Shamba linauzwa, ng'ombe wanatolewa boma, harambee inaitishwa kanisani, na picha ya kijana mwenye mistari begani inatundikwa sebuleni. Huyo akianguka mtihani wa simuleta akiwa na miaka 26, mtu wa mwisho kuambiwa ni mzazi. Pengine hata mke haambiwi. Anasema yuko likizo. Jamii inayomwona rubani kama mtu asiyekosea humfundisha, bila kukusudia, kuficha kosa, na mazoea hayo anayabeba hadi ndani ya chumba cha marubani.

Afrika Mashariki ina tukio moja ambalo kila rubani wa hapa anapaswa kulisoma polepole. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways namba 507, Boeing 737-800 iliyokuwa na umri wa miezi michache tu, iliondoka Douala, Cameroon, kuja Nairobi ikiwa na watu 114. Mvua ya radi ilikuwa imeichelewesha. Giza lilikuwa totoro, na mbele ya uwanja ule hakuna taa za mji za kumwonyesha mtu upeo wa macho. Kuna kinamasi na mikoko. Muda mfupi baada ya kupaa, ndege ilianza kuinama kulia, polepole mno kiasi kwamba mwili wa binadamu hauwezi kuhisi. Kapteni alitamka agizo la kuwashwa kwa otopailoti. Rubani msaidizi hakuitikia, na otopailoti haikuwashwa. Kwa karibu dakika moja hakuna aliyekuwa akiiongoza ndege, na hakuna aliyekuwa akitazama kioo kinachoonyesha mkao wake. King'ora cha kuinama kupita kiasi kilipolia, kapteni alishtuka akashika usukani, akauzungusha upande ule ule ambao ndege ilikuwa tayari imeinamia. Wote 114 walikufa. Mabaki yalionekana siku iliyofuata, kilomita tano na ushei tu kutoka mwisho wa barabara ya kurukia.

Ripoti ya wachunguzi wa Cameroon ilitoka 2010. Ilieleza kwamba marubani walipoteza udhibiti wa ndege kwa sababu hawakujua mkao wake angani, usiku usio na kitu cha kutazama nje, na kwamba ukosefu wa ushirikiano kati yao na kutofuata taratibu za kusimamia safari vilichangia. Kisha wachunguzi wakafungua majalada ya mafunzo. Kapteni alikuwa na saa zaidi ya 8,000 hewani. Rubani msaidizi alikuwa na zaidi kidogo ya 800 na umri wa miaka 23. Katika kumbukumbu zao wakufunzi walikuwa wameandika udhaifu uliojirudia: namna ya kuzungusha macho kwenye vyombo, ufuataji wa taratibu, uelewa wa hali inayoendelea, ushirikiano wa watu wawili ndani ya chumba kimoja.

Mambo hayo yalikuwa yameandikwa. Hilo ndilo linalouma. Hakuna haja ya kuwahukumu marehemu, na Kiambatisho cha 13 cha Mkataba ule ule wa Chicago kinakataza uchunguzi wa ajali kugeuzwa kesi ya kutafuta wa kulaumiwa. Lakini msomaji wa ripoti hiyo hawezi kukwepa swali hili: maoni ya mkufunzi yanayorudi mwaka hadi mwaka kwa maneno yale yale yalikuwa yakisomwa na nani? Mtihani uliopitwa kwa shida, mafunzo ya nyongeza yakafanywa haraka, sahihi ikawekwa, na rubani akarudishwa kwenye ratiba kwa kuwa safari zinamsubiri, huo haujamponya mtu. Umesogeza mbele tarehe tu.

Wamarekani walijifunza jambo hilo kwa gharama, tena mara tatu. Tarehe 13 Desemba 1994 ndege ndogo ya American Eagle namba 3379 ilianguka karibu na Raleigh, North Carolina, na watu 15 kati ya 20 wakafa. Kapteni aliamini injini moja imezimika, na haikuwa imezimika. Alikuwa ameacha kazi katika shirika lililotangulia kabla hajafukuzwa kwa kufanya vibaya mafunzoni, na shirika jipya halikulijua hilo. Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka 1996 ya kuyalazimisha mashirika kupashana kumbukumbu za marubani. Sheria ilikuwa na matundu. Tarehe 12 Februari 2009, Colgan Air namba 3407 ilianguka juu ya nyumba karibu na Buffalo: waliokufa ni 49 waliokuwa ndani na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Usukani ulipotikisika kuonya kwamba mwendo umepungua mno, kapteni aliuvuta badala ya kuusukuma mbele. Alikuwa ameanguka mitihani kadhaa ya leseni kabla ya kuajiriwa, na kwenye fomu ya maombi alitaja mmoja tu. Ndani ya shirika pia alianguka, akafundishwa tena, lakini hapakuwa na mpango wa kumfuatilia mtu mwenye historia ya namna hiyo.

La tatu ni la ndege ya mizigo. Tarehe 23 Februari 2019, Boeing 767 ya Atlas Air namba 3591 ilijitosa katika ghuba ya Trinity, Texas, na wote watatu waliokuwemo wakafa. Kitufe cha kughairi kutua kiliguswa bila kukusudiwa, injini zikaongeza nguvu, ndege ikasukumwa mbele. Mwili wa binadamu ukisukumwa mbele ndani ya wingu huhisi kana kwamba pua ya ndege inapanda juu sana, na sikio la ndani humthibitishia mtu uongo huo. Rubani msaidizi aliamini ndege inaishiwa na nguvu ya kubebwa, akaielekeza chini. Wachunguzi walikuta alikuwa ameshindwa kumaliza mafunzo katika mashirika mengine na hakuyataja alipoomba kazi. Mwaka 2021 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ikakamilisha kanuni ya hifadhidata moja ya kielektroniki, ambayo kila mwajiri lazima aisome kabla ya kumweka mtu kwenye kiti.

Matukio haya hayasemi kwamba aliyeanguka mtihani ni mtu hatari. Laiti ingekuwa hivyo, mashirika yangewaondoa wote na anga ingekuwa salama kesho asubuhi. Marubani wengi wanaoheshimiwa wana karatasi moja ya aina hiyo kwenye jalada. Kilichowaunganisha watu wa Raleigh, Buffalo na Texas ni udhaifu wa aina moja uliorudi bila kutibiwa, na majalada ambayo hayakumfikia mtu aliyepaswa kuyasoma. Na matukio ya Douala na Texas yanafanana kwa kitu kingine: mwili ulidanganya, na macho hayakwenda kwenye kioo cha mkao. Simuleta ya kawaida haiwezi kumfanya mtu ahisi udanganyifu ule kwa muda mrefu, maana haisafiri, imesimama sakafuni. Kwa hiyo kukosa tabia ya kuzungusha macho ni dosari ambayo mtahini akiiona ndani ya simuleta, hata kwa sekunde tano, asiipuuze. Angani itakuwa kubwa zaidi.

Basi rubani aliyeanguka afanye nini?

Kwanza asiondoke chumbani kabla hajaelewa kilichoandikwa. Mtahini akiandika kwamba kimo kilipotea wakati wa kupinda kwa injini moja, hiyo ni dalili. Chanzo kinaweza kuwa mkono ambao haujazoea, au maarifa ya mfumo ambayo hayapo, au kazi nyingi zilizomlundikia akasahau kipi kitangulie, au usingizi wa saa tatu kwa sababu mtoto nyumbani ni mgonjwa. Kila chanzo kina dawa yake. Kumrudisha kwenye simuleta mtu asiyeujua mfumo wa umeme wa ndege ni kumpotezea fedha. Anachohitaji ni kitabu na mwalimu. Kumpa kitabu mtu ambaye mguu wake unakanyaga kwa kuchelewa hakumsaidii. Anahitaji kurudia tendo moja hadi mguu uwe na akili yake. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilichapisha mwaka 2013 mwongozo wa mafunzo yanayojengwa juu ya ushahidi, Hati namba 9995, unaotaka rubani atazamwe kwa umahiri wake wa jumla: taratibu, mawasiliano, uongozaji wa ndege kwa mkono na kwa mitambo, uongozi, utatuzi wa matatizo, uelewa wa hali, na ugawaji wa kazi. Katika mfumo huo mkufunzi halazimiki kuandika ameanguka au amepita peke yake. Lazima aseme kwa nini.

Pili, arudie bila mashine. Simuleta ni ghali, na kwa marubani wengi wa Afrika Mashariki iko mbali, Addis Ababa au Johannesburg. Lakini kuna zoezi lisilogharimu kitu ambalo marubani duniani kote hulifanya: kubandika ukutani picha kubwa ya vyombo na vitufe, kuketi kwenye kiti cha jikoni mbele yake, na kuiendesha safari nzima kwa sauti, mkono ukigusa kila kitufe kwa mpangilio wake. Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi kumbukumbu isiyorudiwa inavyoporomoka mapema mno, na jinsi marudio yaliyotawanywa kwa siku nyingi yanavyoishikilia. Anayesoma kwa wiki moja ya mkesha kabla ya mtihani anapambana na matokeo hayo. Robert Yerkes na John Dodson nao, mwaka 1908, walionyesha kwamba msukumo kidogo humnoa kiumbe na msukumo mwingi humvuruga, hasa kazi ikiwa ngumu. Rubani anayeingia kwenye mtihani wa marudio akiwa amejiambia kwamba huu ndio wa kufa na kupona, tayari amevuka mpaka huo. Kulala vizuri siku mbili kabla ni sehemu ya maandalizi, sawa na kusoma.

Tatu, na hapa mhadhara huu haulegezi, aseme kweli. Kwenye fomu ya maombi ya kazi, swali la kama amewahi kuanguka mtihani lijibiwe ndiyo, na chini yake ziandikwe tarehe, kipengele, mafunzo yaliyofuata na matokeo. Mwajiri anayesoma maelezo hayo anaona mtu anayejijua. Mwajiri anayegundua miaka miwili baadaye kwamba swali lilijibiwa hapana, ana sababu ya kumfukuza hata kama anaruka vizuri kuliko wote, kwa sababu hawezi tena kuamini anachoandika kwenye kitabu cha kasoro za ndege. Pakistan iliona jinsi uongo wa aina hii unavyoweza kula nchi nzima. Baada ya ndege ya PIA kuanguka Karachi tarehe 22 Mei 2020, waziri wa usafiri wa anga alitangaza kwamba leseni za marubani 262 zina shaka, na miongoni mwa tuhuma ilikuwa kwamba wengine walifanyiwa mitihani na watu wengine. Ulaya ikalifungia shirika hilo milango, na marufuku ikadumu hadi mwishoni mwa 2024. Marubani waadilifu waliofaulu kwa jasho lao waliadhibiwa pamoja na waliolaghai.

Njia ya kurudi mara nyingi huanzia chini ya pale mtu alipokuwa. Kwa Mkenya, chini hapo ni Wilson, uwanja uliochukua jina la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929. Kutoka Wilson huondoka Cessna Caravan za watalii wa Maasai Mara na za misaada ya Sudan Kusini. Rubani aliyeondolewa kwenye kiti cha ndege kubwa na akakubali kuruka Caravan kwa miaka miwili anapata kitu ambacho simuleta haimpi: maamuzi yake mwenyewe, kila siku, juu ya viwanja vya murram, pundamilia barabarani na mawingu ya Aprili juu ya Mau. Wengine hawarudi tena kwenye ndege kubwa, wanapenda kazi hiyo na kubaki. Huko nako ni kurudi.

Kama kuna anayedhani ameanguka mno kiasi cha kutorudi, amsome Lyle Prouse. Tarehe 8 Machi 1990 alikuwa kapteni wa Northwest Airlines namba 650 kutoka Fargo hadi Minneapolis, na alipotua alikamatwa kwa kurusha ndege akiwa na pombe mwilini. Kosa lake lilizidi mtihani wowote wa simuleta. Alihukumiwa kifungo cha miezi 16, akapoteza leseni zote. Alipotoka aliacha pombe, akaanza upya kuanzia leseni ya rubani binafsi, mtihani mmoja baada ya mwingine, akiwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Northwest ilimrudisha. Alistaafu mwaka 1998 akiwa kapteni wa Boeing 747, na Rais Bill Clinton akampa msamaha rasmi 2001. Ilisaidia kwamba Marekani ilikuwa na mpango wa pamoja wa mashirika, vyama vya marubani na madaktari wa kuwatibu marubani walevi na kuwarudisha kazini chini ya uangalizi. Peke yake asingefika.

Uasin Gishu haihitaji kufundishwa na Wamarekani jinsi mtu anavyoanguka hadharani. Eliud Kipchoge, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, alishindwa kuingia timu ya Kenya ya Olimpiki ya London 2012. Kila mtu aliona. Hapakuwa na jalada la kuficha. Saa ilisoma, majina yakatangazwa, lake halikuwemo. Akaketi na kocha wake, Patrick Sang, akabadili mbio, akashinda marathoni ya Hamburg Aprili 2013, na yaliyofuata Rio, Berlin, Vienna na Tokyo hayahitaji kusimuliwa kwa watu wa hapa. Alfajiri yoyote kwenye vumbi la Chepkoilel mwanariadha akizidiwa, wenzake wanajua kwa sekunde ngapi, na jioni kocha anajua la kubadilisha. Rubani hana uwanja wa namna hiyo. Mtihani wake hufanyiwa ndani ya sanduku lenye giza, mbele ya watu wachache, na akianguka anakwenda zake peke yake hadi hotelini. Marubani wakijengewa mahali pa kuambiana, watasaidiana. Baada ya rubani msaidizi wa Germanwings aliyekuwa mgonjwa wa akili kuigongesha ndege mlimani makusudi tarehe 24 Machi 2015 na watu wote 150 kufa, Ulaya iliyalazimisha mashirika yake kuwa na vikundi vya marubani wa kuwasikiliza na kuwasaidia wenzao. Kikundi cha aina hiyo kinamfaa pia mtu aliyeanguka mtihani na hajalala siku tatu.

Eldoret ina wa kuambiwa haya. Chuo Kikuu cha Moi, ambacho Chepkoilel ilikuwa kampasi yake kuanzia 1990 kabla ya kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret mwaka 2013, kina skuli ya sayansi za anga, na vijana wa kaunti hii wamo katika shule za urubani za Wilson na kwingineko. Shule hizo zinapaswa kuwafundisha namna ya kupokea ripoti mbaya kwa uzito ule ule wanaowafundishia kutua kwenye upepo wa ubavuni. Mashirika ya ndege yaweke mtu mwenye mamlaka, jina lake likijulikana, wa kusoma maoni ya wakufunzi yanayojirudia katika jalada la kila rubani, na awe na uwezo wa kumwondoa mtu kwenye ratiba hata msimu wa Krismasi. KCAA ihakikishe kwamba kumbukumbu za mafunzo zinamfuata rubani anapohama shirika, na kwamba anayesema kweli hapati adhabu kuliko anayenyamaza.

Na mzazi wa Ziwa, Moiben au Turbo, aliyeuza ekari zake kwa ajili ya mistari ile begani, ana kazi moja siku kijana wake atakapompigia simu na sauti nzito. Asiulize watu watasema nini. Amuulize mtahini aliandika nini, mafunzo ya marudio yanaanza lini, na kama nauli ya kwenda huko ipo.